Kokwa Moja Iliyozidi

Jumamosi asubuhi Sajini Uweso alikaa katika mkahawa wa Zubeiri, Ngamiani, akanywa finjani tatu za kahawa, na kama ungemuuliza asingeweza kukwambia kama ilikuwa chungu au ilitiwa sukari. Kipande cha halua kilikuwa mbele yake, nzi wakikizunguka. Mtaa mzima ulikuwa umekwisha kumzoea kachero huyu hivyo. Tangu alipomzika shemeji yake Safari, fundi wa reli, aliyekuwa rafiki yake tangu chuoni kabla hajamwoa dada yake, Uweso alikula alichowekewa, akaenda kazini, akarudi. Hakuna aliyemwona akilia.

Aliifungua faili juu ya meza. Jumatatu Bakar, nahodha wa motaboti, angesimama mbele ya jaji kwa kesi ya kuua, na kwa jinsi maneno yalivyopangwa katika faili ile, angenyongwa.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Kila Jumapili alasiri motaboti ya Bakar huchukua watu matembezi. Hutoka gatini, huzunguka ghuba, hufika kisiwa cha Toten, watu hushuka nusu saa kutazama magofu na kula korosho, kisha hurudi kabla ya magharibi. Miezi minne na siku kadhaa nyuma, Jumapili moja, Abdulwakil, Mpemba mfanyabiashara wa karafuu aliyelowea Tanga, alipanda motaboti ile mbele ya macho ya watu ishirini. Iliporudi gatini hakuwamo. Kofia yake na mwavuli wake vilikuwa kwenye benchi la nyuma, hatua mbili kutoka kwa Bakar aliyeshika usukani. Jumatano wavuvi wakamwokota upande wa Mwambani, ana jeraha kichwani. Daktari aliandika kwamba maji yameharibu kila kitu isipokuwa jeraha lile. Tena Jumamosi, siku moja kabla ya matembezi, Bakar na Abdulwakil waligombana sokoni. Abdulwakil alikuwa akiwatangazia watu kwamba motaboti inavuja, na Bakar akamjibu mbele ya soko zima, "Ipo siku nitakuzamisha wewe na huo mdomo wako."

Uweso hakuwamo katika upelelezi ule. Safari alikata roho asubuhi ya Jumapili hiyohiyo, na wakati watu wakimtafuta Abdulwakil, yeye alikuwa makaburini ana udongo mikononi. Kachero aliyeandika faili alikwisha hamishiwa bara. Alhamisi Bwana Mkubwa wa polisi alimkabidhi Uweso faili hiyo, akamwagiza ayapitie maneno ya mashahidi, yasije yakaiaibisha serikali kortini. Hakumwambia apeleleze upya. Hakumkataza pia.

Alimwuliza Zubeiri habari za marehemu. Zubeiri alifuta finjani kwa kitambaa, akasema Abdulwakil alikuwa mtu wa Jumamosi. Kila Jumamosi, akitoka kuswali alasiri, hukaa kwenye benchi lile la mlangoni mpaka magharibi inakaribia. Tumbo lake lilikuwa likimtangulia kuingia mkahawani, na mdomo haufungi. Wenzake walimwita Redio. Alimsema kila mtu na alitaniwa na kila mtu.

"Na Jumamosi ile ya mwisho?"

"Hakuja, yakhe. Miaka sita, hakukosa ila Jumamosi ile."

"Ulimwambia aliyekuwa akipeleleza?"

"Nilimwambia. Akaniambia, mtu kafa Jumapili, Jumamosi ya nini?"

Uweso aliandika. Kwenye benchi la nje wazee wawili walikuwa wakibishana juu ya mwezi, kwamba Pemba umeonekana siku moja kabla ya Tanga, na kwamba kila mwaka ni hivyo hivyo, Wapemba wanafunga wao na sisi tunafunga wetu. Mmoja alimtaka Sajini awaamue. Sajini alisema yeye si wa mwezi, akalipa, akatoka. Halua akaiacha pale pale.

Soko la Jumamosi lilikuwa limejaa. Watu wa Pongwe na Amboni walikuwa wamepanga machungwa na mihogo chini, mabaiskeli yamelazwa ukutani, wanawake wanapimana kanga mabegani na kucheka. Tabia, mke wa Bakar, alikuwa na karai lake la vitumbua mahali pake pa siku zote. Wiki za kwanza alikuwa akimfuata Uweso mpaka nyumbani, akimwomba aitazame kesi ile. Sasa haombi tena. Alimfungia vitumbua vinne kwenye jani la mgomba, akamwambia kwa sauti ya mtu anayetaja bei kwamba gerezani wamemruhusu ampelekee mumewe kanzu safi ya kuvaa kortini. Ameifua mara tatu. Hajui kama watamrudishia.

Uweso alisema, "Utarudishiwa, shemeji," kisha akaondoka upesi, kwa sababu hakuwa na kitu cha kuyategemeza maneno yale.

Mwisho wa safu, kwenye asumini na udi, alikuwa amekaa Bi Kijakazi. Kila mjane wa Ngamiani alipita mikononi mwa bibi huyu. Yeye ndiye huwaingiza eda, huwahesabia siku, na miezi minne na siku kumi ikitimia huwaogesha na kuwatoa. Uweso alimwamkia shikamoo, naye akamwitikia marahaba na kumwuliza dada yake anaendeleaje. Sabiha alikuwa ametolewa eda Jumanne ile. Uweso alisema hajambo, anafagia ua.

Bi Kijakazi alisema ndivyo wanavyoanza, kwa kufagia. Akalalamika kwamba kiuno chake hakipo tena, kwani ametoa wajane wawili wiki moja, Jumatatu Mwatum wa marehemu Abdulwakil, Jumanne Sabiha, na umri wake si wa kuteka maji siku mbili mfululizo. Kisha akamtania Sajini kwamba yeye mwenyewe anatembea kama mtu wa edani, basi amwambie lini aje amwogeshe.

Uweso alitikisa kichwa kwa adabu. Alinunua asumini za dada yake, akaenda zake.

*

Jumapili alasiri alipanda motaboti. Iliendeshwa na mtu wa kukodi, na haikuwa na nafasi tupu. Makarani wa mkonge walikuja na wake zao, Wahindi na watoto wao, santuri inaimba kwenye kasha la machungwa. Mtu mmoja alipitisha sharbati. Uweso alishika gilasi yake mpaka ikapata moto wa mkono.

Alikuwa amemwomba Benedikta aje naye. Benedikta alikuwa muuguzi, Mbondei wa Muheza, na katika faili ndiye shahidi aliyekaa karibu zaidi na Abdulwakil. Alikaa mahali pake pa siku ile, Uweso akakaa kwenye benchi la nyuma. Walipoipita Raskazone na kuelekea kisiwani, alimtaka amweleze tena tangu mwanzo, bila kufuata yaliyoandikwa.

Benedikta alieleza kama anavyoeleza habari za mgonjwa kwa daktari. Mtu yule alipanda wa mwisho. Alivaa kanzu, koti jeusi limefungwa vifungo vyote, kofia ameishusha. Alifungua mwavuli ingawa kulikuwa na mawingu. Watu walimwita kwa jina, "Abdulwakil, leo Redio imeharibika?", naye akainua mkono tu. Yeye Benedikta alimkaribisha korosho, akakataa kwa kichwa.

"Ulikuwa ukimjua kabla ya siku ile?"

"Hapana. Nilisikia wakimwita, nikajua ndiye."

"Kuna kitu ulichokiona ambacho hakimo humu?"

Alifikiri. Alisema kuna jambo dogo, hakuliona la kuandikwa na polisi. Koti lilimpwaya. Mabega yalimshuka huku na huku, kama mtu aliyekonda ghafla, naye moyoni alisema huyu ana kifua, lazima apimwe. Kazi yake ndiyo humfanya awatazame watu hivyo.

Uweso alilirudia neno lile, lilimpwaya, akaliandika. Kisha akarudisha kurasa mpaka orodha ya vitu vilivyokutwa kwenye maiti. Kanzu, msuli, pete moja. Koti halikuwamo. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwamba pengine lilichukuliwa na maji. Maji yaliyofungua vifungo vyote vya koti na kuiacha pete kidoleni.

"Kisiwani alishuka?"

"Alishuka. Alikwenda upande wa makaburi ya Wajerumani."

"Ukamwona akipanda tena. Hapa umesema ulimwona."

Benedikta alitazama maji. Motaboti ilikuwa ikipunguza mwendo na watu wamekwisha kusimama, wanashikana mikono, wanacheka kwa hofu ya kuteleza. Alijibu polepole.

"Niliona mwavuli. Ulikuwa umefunguliwa palepale alipokaa, umetupa mgongo upande wetu. Nikajua yuko chini yake. Karibu na gati upepo ukaupindua, na chini yake palikuwa na kofia tu."

Uweso alimwambia hana kosa, kwamba watu ishirini waliuona mwavuli uleule.

Nusu saa ya kisiwani hakushuka. Alikaa kwenye benchi, faili magotini. Aliyepanda Jumapili hakuwa Abdulwakil. Alikuwa mtu mwembamba aliyevaa nguo zake, akauacha mwavuli wazi juu ya kofia, akabaki kisiwani, akatoka huko kwa ngalawa yoyote ya wavuvi. Lakini jaji hamwachii mtu kwa sababu koti lilimpwaya mwingine. Angesema muuguzi amekosea. Lilitakiwa jambo linaloonyesha kwamba Jumapili ile, wakati santuri inaimba na sharbati inapita, Abdulwakil alikuwa amekwisha kufa.

Mkahawani hakuja Jumamosi. Hilo lilikuwa moja, nalo halikutosha. Mtu anaweza kuumwa kichwa.

Watu walirudi, motaboti ikageuza. Mwanamke aliyekaa mbele yake alikuwa na asumini kichwani, na harufu ikamjia. Uweso aliacha kuandika. Safari alikufa Jumapili asubuhi. Abdulwakil, kwa maneno ya watu ishirini, alikufa Jumapili alasiri. Siku ni moja na hesabu ya eda ni moja. Sabiha alitoka Jumanne. Mwatum alitoka Jumatatu.

Akawakumbuka wazee wa mkahawani na mwezi wao. Marehemu alikuwa Mpemba, na huenda nyumba yake ilifuata mwezi wa Pemba. Kama ni hivyo, siku ile moja haikuwa na maana yoyote, na Bakar alikuwa palepale alipokuwa jana.

*

Aliposhuka gatini alikwenda moja kwa moja kwa Bi Kijakazi. Alimkuta uani anachambua mchele. Alimwuliza, kwa hadithi ya kupitisha wakati, kama wajane wa Kipemba anawahesabia kwa mwezi wa kwao.

Bi Kijakazi alimcheka. Alisema yeye hahesabu kwa mwezi wa Pemba wala wa Tanga. Mjane akiingia eda, yeye humuuliza shehe mara moja tu siku ngapi, kisha hutenga kokwa za tende za hesabu hiyo, na kila alfajiri hutia moja koponi. Zikimalizika sahanini, mjane ametoka. Wawili hawa walikuwa wa siku moja, basi aliwatengea sawasawa. Akainuka, akaleta makopo mawili, la chai na la samli. La chai lilikuwa la Sabiha.

"Kama walikuwa sawasawa, bibi, mbona mmoja kamtangulia mwenzake?"

Bi Kijakazi alikaa. Utani ulimtoka usoni. Alisema hilo ni jambo la Jumatano, siku maiti ya Abdulwakil ilipozikwa. Alikwenda kumwingiza Mwatum eda. Kopo la Sabiha lilikwisha kuwa na kokwa nne, tangu Jumapili, basi na huyu akamtilia nne. Mwatum alikuwa amekaa kitako. Akanyoosha mkono, akachukua kokwa ya tano sahanini, akaitia koponi mwenyewe.

"Nikamwambia, mwanangu, umekosea. Akasema, sikukosea, bibi."

"Nawe ukaiacha?"

"Ningefanyaje? Eda ni ya mwenyewe na Mola wake. Mimi kazi yangu ni kokwa." Alifunika makopo. "Hapana mtu aliyeniuliza. Polisi walikuja mtaani siku saba, wakawauliza wanaume."

Uweso alimwomba avae buibui lake amfuate, kwa kuwa haikumfaa kuingia peke yake kwa mwanamke asiye na mume. Bi Kijakazi akavaa, akamfuata.

Nyumba ya marehemu ilikuwa mtaa wa pili. Sasa mkubwa wake alikuwa Haji, mdogo wa Abdulwakil. Mwatum aliwafungulia, akawakaribisha ukumbini, akasema shemeji yake ametoka, amekwenda kupunga upepo na kuswali magharibi. Mikononi alikuwa na hina waliyompaka Jumatatu, nyekundu bado. Alileta kahawa. Alimimina bila kumwaga tone. Bi Kijakazi akakaa mlangoni.

Uweso aliiweka faili chini, hakuifungua.

"Sikuja kukuuliza habari za baharini," alisema. "Nataka kujua jambo moja. Eda yako ilianza siku gani?"

Mwatum alimtazama. Nje mtu alipita anauza mahindi ya kuchoma, sauti yake ikaja mpaka mlangoni, ikapita.

"Jumamosi," alisema. "Kabla ya adhana ya magharibi."

Yaliyobaki aliyaeleza bila kuinua sauti wala kuishusha, na Uweso aliyaandika kwa namna ileile. Mumewe alikuwa anataka kurudi Pemba na kuifunga nyumba ya Tanga. Haji hakutaka. Alasiri ya Jumamosi, uani, kaka yake akiwa anatia udhu aende msikitini, kisha mkahawani, walitupiana maneno, na Haji akachukua mchi. Alipiga mara moja. Mwatum alikuwa jikoni, akatokea mlangoni wakati mchi unaanguka chini. Giza lilipoingia Haji aliipeleka maiti pwani kwa mkokoteni wa nazi, akaitosa. Kesho yake alivaa kofia na koti la marehemu, akajitazama kiooni, akasema Bakar mwenyewe amekwisha wapa watu la kusema. Akamwambia Mwatum kwamba mwanamke asiye na ndugu mji huu atafikiri vizuri kabla ya kufungua mdomo. Ijumaa hii ameleta posa.

"Koti liko wapi?"

"Aliniambia nilichome. Nguo ya maiti hutolewa sadaka, haichomwi. Sikuweza kulichoma wala kulitoa." Aliinuka, akaenda kwenye sanduku, akaondoa kanga mbili, akaliweka jeusi lile juu ya mkeka baina yao. Vifungo vilikuwa vyote. Kwenye pindo kulikuwa na chumvi ya bahari iliyokauka.

Bi Kijakazi alianza kusoma kitu kwa chini.

Uweso alimwuliza, kwa nini basi hakukaa ndani siku moja zaidi. Siku moja tu, na hapana mtu ambaye angejua.

"Mungu kaweka miezi minne na siku kumi. Kupunguza si ruhusa, na kuzidisha si ruhusa." "Watu niliwadanganya. Bwana Mkubwa aliniuliza mume wangu alifuata nini motabotini, nikasema hewa. Haji alinifundisha niseme hewa. Lakini siku hakuniuliza mtu. Kila siku kokwa moja, nami nangoja aulize mtu."

"Unajua kwamba Haji atanyongwa."

"Najua. Na mke wa Bakar hunipitishia vitumbua kila Ijumaa, thawabu ya mume wangu. Hajakosa hata moja."

Uweso alimwambia kwamba kesho asubuhi atatakiwa kortini ayaseme haya mbele ya jaji. Mwatum aliitazama mikono yake, akageuza viganja, akauliza kama kuna dawa ya kutoa hina kwa usiku mmoja. Bi Kijakazi alimjibu kutoka mlangoni kwamba hakuna, mwanangu, utaapa hivyohivyo.

Adhana ilikuwa imekwisha, na watu walianza kutoka msikitini. Wakasikia viatu barazani, kisha Haji akaingia, mwembamba, ana mwavuli kwapani na kifurushi cha halua mkononi. Aliona buibui la Bi Kijakazi kwanza, akaamkia. Halafu akamwona Sajini. Hakuangalia chini kwenye mkeka.

"Karibu, Sajini," alisema kwa uchangamfu. "Shemeji, mmiminie mgeni kahawa. Nimeleta halua, bado ya moto."

"Nimekwisha kunywa," alisema Uweso. Akainuka, akakichukua kile kifurushi mkononi mwa Haji kwa upole, akampa Bi Kijakazi. "Kavae koti, Bwana Haji, kituoni kuna baridi. Lako mwenyewe. Hilo linakupwaya."